Huna Supu ya Nyama? Chungu Chako Bado Kitakolea

Swali hili halikauki. Linatoka kwa akina mama wa Kilosa mjini, kwa vijana waliopanga chumba Mikumi, na kwa wapishi wa nyumba za wageni kandokando ya barabara kuu ya kwenda Iringa: nimeambiwa pilau nipikie supu ya nyama, ndizi nitie supu, mchuzi niongeze supu, na supu sina. Niweke nini?

Wengi huishia kumimina maji matupu na kuvunja kidonge cha dukani juu yake, kisha wanashangaa kwa nini chakula kina chumvi kali na bado hakijakolea. Dawa ipo, na sehemu kubwa ya dawa hiyo unaimwaga mwenyewe kila unapochemsha maharage.

Kukosa supu si aibu ya jiko lako. Mifupa ina bei, na kuichemsha mpaka itoe kitu kunataka saa tatu au zaidi za mkaa. Kilosa ndiko mashirika ya uhifadhi wa misitu, TFCG na MJUMITA, yalikoanzia mradi wa mkaa endelevu mwaka 2012, lakini hata hapo wanapouchoma, mkaa unanunuliwa kwa pesa. Wengine wamo kwenye mfungo wa Kwaresima. Wengine daktari amewaambia wapunguze nyama. Wengine wana mgeni asiyekula nyama kabisa. Kwa wote hao, ushauri ni huu ufuatao.

Kwanza jua supu ilitakiwa ifanye nini

Usianze kutafuta mbadala kabla hujajua pengo liko wapi. Supu haifanyi kazi moja kwenye kila chungu.

- Kwenye pilau inatakiwa ilete rangi na ladha nzito. Jibu lake ni kitunguu kilichokaangwa mpaka mwisho, kikisaidiwa na maji ya choroko au ya uyoga.
- Kwenye ndizi na viazi inatakiwa ilete uzito. Hapo ni karanga au tui.
- Kwenye mchuzi wa mboga, bamia au nyanya chungu inatakiwa ilete ule utamu wa nyama unaobaki mdomoni. Hapo ni dagaa.
- Kwenye makande na maharage huihitaji. Maji ya maharage yenyewe yanatosha.
- Kulegeza mchuzi uliokaukia, maji ya moto tu. Usijisumbue na kingine.

Kitunguu: anzia hapa kila mara

Ningelazimika kubaki na ushauri mmoja, ungekuwa huu. Bonde la Ruaha linalima vitunguu vizuri. Vya Malolo na vya Ruaha Mbuyuni vinauzwa barabarani kwenye nyavu, na ukiviweka mahali pakavu penye upepo vinakaa wiki nyingi. Tatizo letu ni haraka. Tunavitia kwenye mafuta, vikilainika tu tunarusha nyanya, na ladha yote tuliyokuwa tukiitafuta kwenye supu tumeiacha njiani.

Kwa kilo moja ya mchele wa pilau:

1. Chukua vitunguu vinne vikubwa. Vikate vyembamba, unene mmoja, ili visiungue hivi wakati vile bado vibichi.
2. Tumia sufuria nzito na pana. Tia mafuta ya kutosha kulowesha vitunguu vyote, yapate moto ndipo uvitie.
3. Moto uwe wa wastani. Kama ni jiko la mkaa, toa vipande viwili vitatu vya mkaa pembeni badala ya kuinua sufuria kila dakika.
4. Koroga mara kwa mara. Sikiliza: mwanzoni vinachachatika kwa kelele kwa sababu maji yanatoka. Kelele ikipungua, maji yamekwisha na rangi inaanza. Harufu nayo inaacha kuchoma macho, inakuwa tamu.
5. Kuanzia hapo usitoke jikoni. Kutoka njano hadi kahawia ni dakika chache, na kutoka kahawia hadi kuungua ni chache zaidi. Unataka rangi ya kahawa ya unga.
6. Nyunyiza nusu kikombe cha maji. Yatachemka kwa kishindo. Kwangua chini ya sufuria kwa mwiko mpaka kilichoganda kiyeyuke chote. Acha yakauke, kisha rudia mara ya pili. Rangi ya pilau yako iko hapo.
7. Ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, halafu bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Dakika moja au mbili, vinukie.
8. Mimina maji ya moto, onja chumvi, tia mchele.

Kazi yote ya kukaanga huchukua kama dakika 20. Najua kuna atakayesema hana dakika 20. Mifupa ingemchukua saa tatu.

Makosa ninayoyaona zaidi:

- Kujaza vitunguu kwenye sufuria ndogo. Vinachemka kwa maji yake, havikaangiki.
- Kutia nyanya mapema. Nyanya ina maji mengi, hata hizi nzuri za Dumila, na ikishaingia, kitunguu hakibadiliki rangi tena.
- Kuendelea na vitunguu vilivyoungua. Uchungu haufichiki kwa nyanya wala kwa sukari. Vimwage, osha sufuria, anza upya.

Na maji ya pilau? Kilo moja ya mchele hutaka lita moja na nusu hadi mbili, kama vile ungetumia supu. Mchele mpya uliovunwa juzi unataka machache, uliokaa stoo unataka zaidi. Ukinunua sokoni, muulize muuzaji ni wa msimu gani, maana kosa la maji linaharibu pilau kuliko kukosa supu.

Maji ya mikunde: acha kuyamwaga

Kilosa ni wilaya ya mikunde. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho wengi mnakijua kwa mbegu za mahindi, kinashughulika pia na kunde, mbaazi na choroko. Nyumba nyingi hapa huchemsha mojawapo karibu kila wiki, na maji yake hutupwa uani.

Maji hayo yana uzito, yana ladha, na yanapokea viungo vizuri. Lakini si yote yanafaa, na hapa watu wengi hukosea.

- Maji ya kulowekea mwaga. Hayo hayana faida jikoni na yanasumbua tumbo. Tunayoyataka ni maji mapya uliyochemshia.
- Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Maharage haya yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha, na moto hafifu wa mkaa unaokufa hauiondoi. Usionje maji yake kabla hayajachemka hivyo.
- Kama ulitia magadi, usiyatumie. Magadi yanalainisha maharage, lakini maji yanabaki na ladha ya sabuni na yatauharibu mchuzi wowote.
- Mbaazi kavu maji yake ya kwanza yana ukakasi. Wapishi wengi huyamwaga na kutia mengine, nami naungana nao. Tumia ya pili.
- Tazama rangi. Maji ya kunde na maharage mekundu ni meusimeusi. Yanafaa kwa pilau, mchuzi na ndizi. Kwa chakula unachotaka kibaki cheupe tumia ya choroko.

Namna ya kuyaandaa: chemsha mikunde yako na nusu kitunguu, punje mbili za kitunguu saumu zilizobondwa na jani la giligilani kama lipo. Chumvi usitie. Ikiiva, chuja maji, yarudishe jikoni peke yake yachemke mpaka yapungue theluthi moja. Ukiyaonja utaona tofauti. Tumia kikombe kwa kikombe pale ulipotakiwa kutumia supu.

Utauliza kama pilau haitakuwa na ladha ya maharage. Ukiwa umekaanga vitunguu vizuri na viungo vimeingia, haitakuwa nayo. Ikiwa bado una wasiwasi, changanya nusu kwa nusu na maji ya moto.

Dagaa: mbadala mkali kuliko wote

Kwa mchuzi wa mboga sioni kinachowashinda dagaa. Konzi moja ya dagaa wakavu na lita moja ya maji inatoa mchuzi mwepesi wenye nguvu ndani ya robo saa. Wajapani wamejenga sehemu kubwa ya mapishi yao juu ya maji ya samaki mkavu na mwani wa baharini, wala hakuna anayekiita chakula hicho cha dhiki. Sisi dagaa tunao, tunawaona wa mboga ya ugali tu.

Dagaa wa Kigoma ndio bora kwa kazi hii kwa sababu kwa kawaida ni wasafi. Wa Mwanza ni wa bei nafuu, ila wengi wameanikwa mchangani, kwa hiyo uoshaji ndio utakaoamua matokeo.

1. Chambua vichwa na matumbo. Humo ndimo uchungu ulimo. Kazi inachosha, lakini kwa konzi moja si muda mrefu.
2. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, suguasugua polepole, kisha watoe dagaa kwa mkono. Usimimine maji wakiwa ndani: mchanga uliozama chini utarudi juu yao. Rudia mpaka chini ya bakuli pabaki safi.
3. Wakaange kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, mpaka wakauke na kunukia.
4. Tia maji lita moja, nusu kitunguu na kipande cha tangawizi. Yachemke taratibu dakika 15, sufuria ikiwa wazi ili harufu kali itoke.
5. Chuja kwa chujio la chai au kitambaa safi. Mwisho kabisa, chakula kikishaiva, kamulia ndimu au tia ukwaju kidogo.

Dagaa waliobaki usiwatupe. Wakaange na nyanya na pilipili hoho, umepata mboga ya mchana.

Swali linalofuata huwa ni la harufu. Ndiyo, ipo, na ndiyo maana siwashauri dagaa kwa pilau wala kwa chakula cha sherehe ambako hujui nani anapenda nini. Kwenye bamia, mlenda, majani ya maboga na nyanya chungu, harufu hiyo inakaa mahali pake. Ukiwa na kambale au perege wa kubanika, kipande kidogo kinafanya kazi ileile, tena kikiwa na harufu ya moshi. Kitie bila kukivunja, kitoe baada ya dakika 20, chambua miiba.

Uyoga, karanga na tui

Uyoga mkavu ni mzuri sana kwa pilau ya mgeni asiyekula nyama. Loweka konzi moja kwenye maji ya moto nusu saa, kamua, kisha chuja maji yale kwa kitambaa. Yachemshe pamoja na chakula, na uyoga wenyewe katakata uingie kwenye vitunguu. Onyo: masika yakianza, misitu ya Mikumi na Kilosa inatoa uyoga wa kila namna. Usichume usioujua. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kuutambua wenye sumu, si kwa kitunguu saumu, si kwa sarafu ya fedha, si kwa kutazama kama wadudu wameula. Nunua unaolimwa, au kwa mtu anayeujua na anayeula mwenyewe.

Karanga zinafaa kwa ndizi, kisamvu na mchicha. Nusu kikombe cha karanga zilizosagwa kinatosha sufuria ya watu watano. Koroga kwanza na maji baridi mpaka ziwe uji laini, ndipo umimine chunguni, la sivyo zitafanya mabonge. Zikishaingia, koroga na punguza moto, kwa sababu zinashika chini upesi. Chagua punje moja moja kabla ya kusaga: zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga hushambuliwa vilevile.

Tui wengi mnalijua, nitasema moja tu. Tui jepesi ndilo linaloshika nafasi ya supu, ndilo la kuchemshia ndizi au samaki tangu mwanzo. Tui zito liingie mwishoni, moto ukiwa mdogo, huku unakoroga upande mmoja. Ukilichemsha kwa nguvu litakatika, na likikatika halirudi.

Maji ya kisamvu kibichi hayamo kabisa kwenye orodha hii. Usiyatumie kupikia kitu kingine.

Kununua supu kibandani

Hii ni njia halali na watu hawaifikirii. Asubuhi Mikumi ina vibanda vingi vya supu kwa ajili ya madereva wa malori. Kikombe kimoja, ukikiongeza maji vikombe viwili, kinatosha chungu cha familia. Mwambie mama lishe akukingie kabla hajatia ndimu na pilipili. Nenda na chombo chako safi chenye mfuniko, na ukifika nyumbani ichemshe upya kabla ya kuitumia. Chumvi usiongeze mpaka uonje, kwa sababu supu ya kibandani imeshatiwa.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa sababu tunaishi mlangoni mwa Hifadhi ya Mikumi. Ukiuziwa mifupa au nyama kwa bei ya kutupa, usiku, na mtu asiye na bucha, iache. Nyamapori isiyo na kibali ni kosa kwa anayeuza na kwa anayenunua, na haijapimwa na mtaalamu wa mifugo. Hakuna pilau yenye thamani hiyo.

Vidonge na unga wa mchuzi

Sikuambii uvitupe. Vipo kila duka, ni rahisi, na siku ya haraka vinasaidia. Nakuambia uvitumie ukijua ni nini. Soma pakiti: mara nyingi chumvi ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya vilivyomo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

- Tumia nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha onja.
- Ukitia kidonge, chumvi ya kawaida isubiri mpaka mwisho. Wengi hutia vyote viwili mwanzoni, maji yakipungua chakula hakiliki.
- Kiyeyushe kwenye maji ya moto kwanza. Kikivunjwa juu ya wali kinabaki madoa.
- Chakula cha mtoto aliye chini ya mwaka mmoja usitie.
- Mwenye shinikizo la damu nyumbani, pika kwa kitunguu na maji ya mikunde, kidonge kiache.

Chakula kikishazidi chumvi, usihangaike na ujanja wa kutia kiazi. Ongeza maji na kitu kisicho na chumvi, mboga au nafaka, uwe na chungu kikubwa zaidi.

Kwa wanaopikia wageni

Mgeni akisema hali nyama, muulize na samaki anakula? Maji ya dagaa si chakula cha asiyekula samaki, hata kama hakuna dagaa hata mmoja anayeonekana sahanini. Kidonge chenye picha ya kuku au ng'ombe nacho kinaweza kuwa na mafuta au unga wa nyama, kwa hiyo soma kabla ya kuahidi. Mgeni Mwislamu ana haki ya kujua kama kilichomo ni halali.

Karanga ni za kuuliza kabla, si baada. Kuna watu kijiko kimoja cha karanga kinawafunga pumzi, na zahanati inaweza kuwa mbali. Ukiwa na shaka, tumia choroko au uyoga na useme wazi umetumia nini.

Kuhifadhi

Joto la Kilosa halisubiri. Maji ya mikunde au ya dagaa yakikaa nje zaidi ya saa mbili yanaanza kuharibika, hata kama bado hayanuki. Usiku kucha kwenye sufuria iliyofunikwa ni mrefu mno, na kuyachemsha asubuhi hakuondoi kila sumu ambayo vijidudu vimeshaiacha.

- Mwenye friji: yapooze upesi kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, yafunike, yatumie ndani ya siku mbili.
- Mwenye friza: yagandishe kwenye vikopo vidogo vya kipimo cha chungu kimoja.
- Asiye na umeme: pika ya siku hiyo tu. Ndiyo maana nimesisitiza kitunguu, dagaa na uyoga mkavu: vinakaa kikapuni bila friji na vinakuwa tayari vinapotakiwa.

Kama hujawahi kufanya lolote kati ya haya, anza na pilau ya kitunguu na maji ya choroko Jumapili hii. Usiwaambie nyumbani mpaka wamalize kula, ndipo uwaulize.